Mawese Kwenye Trekta la Baba

Juzi nilikuwa Makambako, nimekaa kwenye benchi la gereji nikisubiri lori nililopanda litengenezwe. Fundi akafungua boliti chini ya injini, oili ya moto ikamwagika kwenye beseni. Harufu ile, rafiki yangu, ilinitoa pale benchini ikanirudisha Usevya, miaka ya tisini, nikiwa na miaka kumi, nimelala chali chini ya trekta dogo la baba na sufuria ya mama kifuani.

Trekta lilivuja oili ya haidroliki, ile inayonyanyua plau. Sili ya silinda, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke, ilikuwa imekwisha. Mimi nilikinga matone, bibi aliichuja oili kwa kipande cha kanga chakavu, mama akairudisha kwenye tangi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu kutwa. Hata ugali wa siku zile naukumbuka ukiwa na ladha ya oili, kwa sababu mikono ya mama haikutakata hata kwa majivu.

Baba alikuwa ameuza maksai wote ili apate trekta lile. Kijiji kimejaa wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na machoni pao jambo hilo lilikuwa sawa na kuuza nyumba ukanunua mlango. Mvua ilikuwa imeshanyesha mara mbili. Udongo wa bonde letu ni mweusi. Ukilowa kidogo unalimika, ukishiba maji unameza gurudumu zima. Tusipowahi kulima, hakuna mpunga. Na bila mpunga, baba alishasema, tunahamia Mpanda mjini kwa shangazi, wote tubanane kwenye chumba kimoja pale Kashaulili. Bibi akasema nyie nendeni, yeye anabaki na kaburi la babu. Hakuna aliyembishia, na hilo ndilo lililonitisha.

Fundi wa Mpanda alituma habari kwamba sili itatoka Tabora kwa treni. Tulingoja wiki nzima. Baba akachoka kungoja, akavua katambuga yake ya kulia, kiatu cha tairi, akakata kipande akakichonga kiwe duara. Kilishika asubuhi, mchana oili ikakivimbisha, kikatoka vipande vipande kama muhogo uliooza. Kesho yake baba alienda shamba mguu mmoja peku.

Kisha oili yenyewe ikapungua mno. Bibi ndiye aliyesema mafuta ni mafuta, na mama akaleta kidumu chake cha mawese kutoka Karema, mekundu, mazito, ya kupikia miezi miwili. Baba akayamimina kwenye tangi. Jua lilikuwa kali, plau ikanyanyuka. Mama alipiga vigelegele, na baba akalima hadi jua likazama.

Asubuhi hakuna kilichosogea. Mawese yalikuwa yameganda tumboni mwa trekta kama yanavyoganda jikoni, jambo ambalo kila mwanamke wa Usevya analijua na hakuna kati yetu aliyelikumbuka. Mama akaweka jiko la mkaa chini ya tangi, akawa analipepea kwa ungo. Jirani yetu Msukuma alipita na ng'ombe wake, akasimama, akaegemea fimbo.

"Mimi ng'ombe akinishinda namchinja," alimwambia baba. "Wewe hilo utalila wapi, pajani au mbavuni?"

Bibi alificha uso kwenye kanga akicheka. Mawese yakayeyuka, yakaanza kuvuja yote, na mchana ule nilimwona baba amekaa kwenye tope akishika kichwa kwa mikono miwili.

Jioni jirani akarudi bila ng'ombe. Alileta kipande cha ngozi ya fahali alichokilowesha kwenye samli, akachuchumaa, akakikata duara kwa kisu, taratibu, akikipima kwenye silinda kila mara. Hakutania hata neno moja. Kesho yake, mawese tuliyoyakinga yalipopashwa moto tena, nililala chini ya trekta na sufuria ikabaki kavu.

Tulilima hadi saa nane. Kisha mvua ikaja kutoka upande wa milima, kubwa, ya baridi. Trekta lilikuwa katikati ya bonde, plau iko ardhini. Baba akavuta mkono wa kunyanyulia. Plau ikapanda kidogo, ikashuka. Akavuta tena. Mawese yalikuwa yanaganda, ngozi imechanika, na magurudumu yanazama tukiyaona. Mama alimwita, bibi alimwita. Yeye alikuwa anavuta tu.

Jirani alikuja kwenye mvua na maksai wake sita na plau yake, bila kuitwa. Alisimama kando ya gurudumu.

"Shuka, ndugu yangu," alisema. "Shamba bado lipo. Shuka tulime."

Baba aliuachia ule mkono. Siku tatu alitembea nyuma ya maksai wa mtu mwingine, ameshika plau aliyoapa hataishika tena. Trekta likazama hadi tumboni, mvua za miaka iliyofuata zikalimeza lote, na baba hakurudi kuliangalia.

Mpunga tulivuna, si mwingi, lakini hatukuhama. Siku ya wali wa kwanza mama alimpelekea jirani sinia nzima. Sisi tulizunguka sinia yetu, na baba akanawa, akaitazama, akasema leo ana hamu ya ugali. Mama aliinuka akaenda kusonga. Mwaka mzima baba hakuonja wali ule.

Jirani alihama na mifugo yake kuelekea kusini, na sikusikia tena habari zake. Bibi alizikwa kando ya babu, kisha mama, kisha baba. Mimi nimehama mji baada ya mji na hakuna hata mmoja ulionishika. Wanaolima bonde lile siku hizi ni watu wengine, na nikifa mimi hatabaki anayejua trekta lilizama sehemu gani.