Kuku wa Kishingo na Uwanja Mweupe

Asteria wa Rwamgasa ana ugonjwa mmoja tu, nao ni ufagio. Asubuhi, kabla hajamchemshia mumewe, Baba Zipora, maji ya kuoga, keshapiga uwanja wote, mbele na nyuma, mistari imelala vizuri kama kichwa kilichosukwa jana. Ukidondosha ganda la karanga pale kwake unajikuta unaliokota mwenyewe. Majirani wanamcheka. Wengi wao ni watu waliofuata dhahabu, wanaishi kama wanaohama kesho, na majani yanawaotea mpaka mlangoni. Asteria kakaa hapo miaka ishirini na mbili na bado anafagia kama anayetarajia mkwe.

Kwao ni Mhunze, kule Kishapu. Aliletwa Rwamgasa na mumewe Donatus, mchimbaji, mtu mwenye maneno mengi na bahati ya wastani. Siku ya kuondoka, mama yake, Mayu Limi, alimtilia ndani ya tenga tetea mmoja wa kishingo, shingo nyekundu tupu, haina unyoya hata wa dawa. Bibi mzaa bibi wa tetea yule, Mayu Limi alipewa na mama yake mwenyewe alipokwenda kuolewa. Kwa bibi huyu ukoo wa kuku unafuata mama. Jogoo ni mpita njia tu. Donatus akisikia hivyo huguna, lakini mkwe ni mkwe, utamjibu nini?

Mwezi wa kumi mwaka jana simu ikaita. Mayu Limi hapendi simu, kwa hiyo akipiga, ujue kuna neno.

"Asteria, kuku wameisha."

"Wameisha vipi, mayu?"

"Kideri. Jumatatu walisinzia, Ijumaa nikabaki na banda. Hata mmoja."

Asteria akasema pole, akasema tena pole, kisha akasema atamwomba wifi yake Hosiana, mke wa kaka yake anayeishi na mama pale pale, amnunulie wengine mnadani.

"Kuku wa mnadani nao ni kuku, sikatai," akasema Mayu Limi. "Mimi nataka wangu. Niletee mbegu. Macho yenyewe unajua yalivyo, sioni hata mkono wangu. Lakini nikishika shingo nitajua ni nani."

Hapo Asteria akaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda masikioni. Maana wa ukoo ule kwake alikuwa amebaki mmoja. Mmoja! Wengine alikuwa amewachinjia wageni, amewagawa, amewauza kwa wachimbaji wanaopenda supu ya asubuhi, huku akijiambia watazaliwa wengine. Amebaki na koo moja kuukuu, kuku mzazi, na kwa bahati njema lilikuwa limeatamia mayai kumi na moja.

"Nitaleta, mayu," akasema. Idadi hakuitaja.

Mayai yote yakaanguliwa, na vifaranga sita kati yao walikuwa na kishingo. Asteria aliwahesabu mara tatu akicheka peke yake. Hapo mambo yalikuwa mazuri, na kama angekaa kimya akala ugali wake yangebaki mazuri. Lakini juma lile lile ikafika zamu yake ya kupokea jumuiya. Watu ishirini wa sala nyumbani kwake! Na nyuma ya nyumba kulikuwa na kile kichaka cha michongoma, kimesokotana na minyaa na miti ya mihogo, ambacho kilikuwapo tangu hawajajenga. Kwa miaka yote alifagia mpaka miguuni pake akakiangalia kwa chuki. Safari hii akasema basi, wasije wanajumuiya wakadhani nafuga nyoka.

Akashika panga. Donatus naye akaja, akaona miti miwili inayofaa matimba, yale magogo wanayokingia duara, shimo lao la dhahabu, lisiwaangukie, akaibeba kwa furaha kama kaokota mali. Ilipofika jioni nyuma ya nyumba palikuwa peupe kama mkeka. Jumuiya ikaja, ikasali, ikala, na mama mmoja akasema, "Ee, hapa ndipo mtu anaweza kusema ana mji." Asteria alilala na maneno hayo kama mtu aliyelala na shibe.

Mwewe akaja keshokutwa yake, saa nne asubuhi.

Asteria alikiona kwanza kivuli kikipita kwenye mistari ya ufagio. Koo likatoa mlio mmoja mrefu, likakimbilia nyuma ya nyumba na vifaranga nyuma yake, mbio, mbio, mpaka pale pale kichaka kilipokuwa. Hapo likasimama, likazungukazunguka, limetanua mabawa. Mwewe akashuka taratibu, hana haraka na mtu, akachukua kimoja akaenda zake. Asteria alirusha sufuria. Sufuria iliangukia ukuta wa choo ikabonyea, mpaka leo imebonyea.

"Mwewe mshenzi wewe! Nenda kwa wenye migodi!"

Jioni alichukua kingine. Kesho yake, viwili. Donatus alirudi kutoka shimoni na vumbi lake, akasikiliza habari yote, akanawa, akakaa, kisha akasema, "Wahenga walimaliza. Kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe."

"Baba Zipora, kama huna la kusaidia, rudi shimoni."

Mwanamume akaona mambo si ya mzaha. Kesho yake akaja na shauri la wachimbaji wenzake: vifaranga wapakwe dawa ya vidonda, ile ya zambarau, mwewe asiwatambue kama ni chakula. Wakawapaka wote saba waliobaki. Mikono ya Asteria ilikaa zambarau mpaka Jumapili, akapokea komunyo hivyo hivyo. Koo lenyewe halikuwatambua wanawe nusu siku, likawadonoa. Na mwewe? Mwewe alikuja akamchukua yule aliyekolea rangi kuliko wote, kama mama anayechagua kitenge.

Jirani yake Vumilia, mwuza maandazi, akaleta santuri kuukuu za video, wakazitundika kwenye kamba uwanja mzima zikawa zinametameta. Hizo, tuseme ukweli, zilisaidia siku nne. Siku ya tano mwewe alitua juu ya mti wa ile kamba, akajinyoosha bawa. Asteria akawafungia vifaranga chini ya tenga wiki nzima. Wakapooza, wakaanza kuharisha, kimoja kikafa bila hata kuguswa na mwewe. Akawafungulia, akakaa mwenyewe uwanjani na debe anapiga ngo! ngo! ngo! mpaka Vumilia akamwomba kwa jina la Mungu apumzike. Ugali uliungua siku mbili. Siku ya tatu alikwenda chooni, chooni tu jamani, akatoka wamepungua wawili.

Walibaki watatu. Wenye kishingo wawili.

Asteria alikaa kwenye kizingiti akalia. Hakulilia kuku. Alimlilia mama yake aliyekaa Mhunze gizani anangoja kushika shingo. Alipomaliza kulia akapiga simu, maana uongo wa kunyamaza ulikuwa umemchosha.

"Mayu, nisamehe. Wa kwako nilibaki na mmoja tu. Na watoto wake mwewe anawamaliza. Nimepaka rangi, nimetundika vitu, nimepiga debe. Sijui nimekosa wapi. Uwanja wenyewe msafi, hakuna hata pa nyoka kujificha."

 Mayu Limi akauliza, "Na nyuma?"

"Nyuma napo nimefyeka. Nafagia mpaka mwisho wa kiwanja."

"Nani alikufundisha kufagia nyuma?"

"Si wewe, mayu?"

"Mimi?" Bibi akacheka, kicheko kifupi cha kukohoa. "Mimi nilifagia mbele, kwa ajili ya watu. Uliwahi kuniona na ufagio nyuma?"

Asteria akatafuta kichwani. Akaiona nyumba ya Mhunze, uwanja wa mbele unang'aa, na nyuma ule msitu wa michongoma na matawi ya migunga yaliyorundikwa ovyo. Tangu utotoni ulimwaibisha. Alidhani mama yake alichoka, watoto saba na shamba la pamba, hakufika nyuma. Alipoolewa akaapa kwamba yeye atafika.

"Nyuma ni kwa kuku," akasema Mayu Limi. "Mwewe anatoka juu, mwanangu. Ana mbawa, wewe huna. Utampigia debe mpaka lini? Kifaranga hahitaji askari, anahitaji pa kuchomeka kichwa. Koo lako linakimbilia wapi akija?"

"Linakimbilia nyuma," akasema Asteria. "Pale pale kilipokuwa kichaka."

"Haya basi. Lenyewe linajua."

Asteria hakungoja kesho. Alikwenda kwenye rundo la yale aliyoyafyeka, mengine yalikuwa hayajachomwa, ushukuriwe uvivu wa Donatus, akayaburuta moja moja kuyarudisha. Akaongeza matawi ya miiba kutoka njia ya kisimani, akayarundika mahali patatu, akaacha matundu chini ya kuingia kifaranga na si zaidi. Akalaza tenga bovu ubavu. Akachomeka vikonyo vya minyaa kuzunguka ili viote. Donatus aliporudi alisimama akatazama.

"Mama Zipora, tumevamiwa?"

"Kule nyuma si kwako. Na ile miti yangu miwili niletee mingine kama ile."

Mwewe alirudi, asirudi kwa nini! Kivuli kikapita, koo likalia, na vifaranga watatu wakazama kwenye miiba kama maji kwenye mchanga. Mwewe alishuka, akagusa tawi, akapaa miguu mitupu. Asteria, aliyekuwa anafua, alipiga kigelegele mpaka wapita njia wakauliza nani kaolewa. Mwewe alijaribu siku tatu zaidi, kisha akahamia kwingine. Nasikitika kusema alihamia kwa Vumilia, lakini Vumilia naye akapewa dawa.

Kufika mwezi wa pili vifaranga walikuwa kuku. Wale wa kishingo wakatokea wote matetea. Jogoo akawa yule wa tatu, ana manyoya mpaka kidevuni.

"Mpita njia kapatikana," akasema Donatus, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuridhika na cheo hicho.

Asteria aliwafunga miguu, akawatia wote watatu kwenye tenga, akapanda basi la Kahama, akaunganisha Shinyanga, akafika Mhunze jua limeinama. Mayu Limi alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba. Asteria akapiga magoti, akaamkia, kisha akauchukua mkono wa mama yake akauingiza ndani ya tenga.

Mkono ukatafuta. Ukapita juu ya jogoo, ukamwacha. Ukafika kwenye shingo tupu yenye joto, ukasimama. Vidole vikaipapasa kutoka juu mpaka chini, polepole, na machozi yakamtoka bibi yule bila kujificha.

"Huyu ni wangu," akasema. "Huyu ni wa mama. Wabeja, mwanangu, asante sana." Akamtoa, akampakata. Baadaye akajifuta kwa kanga, akasema, "Haya, wapelekeni nyuma kwao, wakajikinge. Mwewe wa hapa hana dini."

Asteria akabeba tenga na wale wawili, akazunguka nyumba. Wifi yake Hosiana alimfuata, amevaa kitenge chake cha kanisani, uso umejaa furaha.

Nyuma ya nyumba palikuwa peupe. Hakuna mchongoma, hakuna tawi, hakuna jani. Mistari ya ufagio ilikwenda moja kwa moja mpaka mpakani kwa jirani, imenyooka, mizuri, kazi ya mtu anayejua kazi.

"Nimekuandalia mji, wifi," akasema Hosiana. "Siku nne nafyeka. Nikasema wifi Asteria anapenda usafi, asije akatuona watu wa ovyo. Mayu sikumwambia, nilitaka akupokee pasafi."

Asteria akatazama ile mistari. Akamtazama Hosiana, mikono imechubuka kwa miiba, anangoja kusifiwa. Juu kabisa, mbali, kulikuwa na kitu kidogo cheusi kinazunguka bila haraka. Maneno makali yaliyomjia mdomoni akayameza, maana alijua yalikuwa yake mwenyewe.

"Umefagia vizuri, wifi," akasema. "Vizuri kuliko mimi. Sasa nipe panga, na ubadilishe hicho kitenge."

Hosiana akaduwaa, lakini akaenda. Muda si mrefu wanawake wawili walikuwa wanaburuta matawi ya migunga kutoka korongoni, juu ya mistari ile, wakiifuta. Kuku wawili wakangoja ndani ya tenga na kamba zao miguuni. Kutoka mbele ya nyumba sauti ya Mayu Limi ikawafikia, bado kampakata tetea wake.

"Asteria! Mbona hamuwafungui?"

"Bado kidogo, mayu," akaitikia Asteria, akivuta tawi. "Tunawatandikia."