Kikapu Nilichokiacha Rusinga

Niliondoka Macalder kwa sababu habari ilinifikia kwamba ng'ombe wa dada yangu Akinyi hajala majani siku nne. Mtanicheka, safari yote hiyo kwa ajili ya ng'ombe! Lakini maziwa yake ndiyo yaliyomlea mjukuu wa Akinyi, mtoto wa miezi mitano aliyefiwa na mama. Zizini hakukuwa na mwingine.

Asubuhi nilikuwa Migori, nikanunua sukari, majani ya chai, sabuni na mkate. Kila kitu kilitiwa katika mfuko wake wa nailoni. Hata mkate, uliokwisha kufungwa, ukafungwa tena. Sikukataa. Mjini mifuko yenye mistari ya buluu ilikuwa fahari, na mwenye kikapu alionekana mshamba. Mimi na maringo yangu nikashika minne.

Homa Bay, saa sita mchana. Upepo wa ziwa ulikuwa umeitundika mifuko kwenye miba ya ua la soko. Nilikula mandazi nimesimama, mfuko wake nikauachia upepo, nikaendelea na safari.

Alasiri nilifika Mbita, nikavuka tuta la mawe kwa miguu hadi Rusinga. Nilichelewa. Ng'ombe alikufa asubuhi ile, na shemeji alikuwa akimpasua. Tumboni alivuta kitu kirefu kilichosokotana kama kamba. Alipokimwagia maji, mistari ya buluu ikaonekana.

"Hii karatasi ya nailoni imetoka wapi?" akauliza. "Duka yetu hapa inafunga sukari na gazeti."

"Wageni wanaleta," alisema Akinyi. Hakunitazama. Afadhali angenitukana. Niliificha ile minne nyuma ya gauni, na ndani mtoto akaanza kulia njaa.

Asubuhi ya pili nikaaga. Kwetu mgeni akija na kikapu, hakirudi kitupu. Ni aibu kubwa. Akinyi akashusha darini kikapu changu cha zamani, nilichokiacha kwake miaka mitatu nyuma nilipoona kinaniaibisha. Alikuwa amekitia omena tele, dagaa wa ziwani.

"Chukua, nyamera, wewe ni ndugu yangu," alisema. "Tangu uanze kuja na karatasi, sikuwa na kitu ya kukurudishia. Hizo karatasi nilikuwa natupa tu huko nyuma ya zizi."

Nililia njiani, sioni haya kusema. Homa Bay muuzaji wa nyanya alifungua mfuko, nikamwonyesha kikapu. "Weka humu, mama." Akanishangaa, akaweka.

Nilichojifunza ni kwamba mfuko niliouhitaji kwa safari moja ulikuwa umebaki pale ukimngoja ng'ombe wa mtoto. Sasa kikapu kiko mezani kwangu Macalder, na lazima kirudi Rusinga. Nimetia unga. Nimetia maziwa ya makopo, yote niliyoyapata. Kimejaa hadi kwenye mshikio, na bado nakiona kitupu.