Giza la Mchana Kule Chuoni

Niliondoka Rumonge kwa sababu mjukuu wangu Zaituni aliniletea salamu: wanafunzi wenzake wa chuo kikuu cha Bujumbura wanafanya sikukuu ya sanaa, ngoma na michezo, na wanataka mzee wa kuwasimulia hadithi za zamani. Mimi shule niliiacha kabla hatujazoeana, kwa hiyo kuitwa na chuo kikuu lilikuwa jambo la kuvaa koti. Nikavaa koti.

Asubuhi nilipanda kamyoneti, gari la kubeba mawese, nikakaa mbele. Wakati ule wa vita magari yalingojana, yakapangwa mstari, askari mbele na nyuma. Dereva wangu alikuwa na maneno mengi, lakini tulipokaribia Magara akanyamaza katikati ya sentensi. Mlima upande huu, ziwa upande ule, mtu akifyatua huna pa kugeukia. Wacha niseme na habari ya mawese: usiweke koti karibu na dumu lake, hata likiwa limefungwa. Basi, tulipopita Kabezi dereva akaanza tena kusema, palepale alipokomea.

Bujumbura nililala Buyenzi kwa mpwa wangu. Kesho yake nikapanda mpaka chuoni. Zaituni alikuwa mlangoni pa ukumbi, amekonda, macho mekundu ya kukosa usingizi.

“Babu, unanuka mawese.”

“Nanuka kwenu.”

Akanionyesha wenzake wawili waliokuwa wakihangaika naye. Dezire, kijana mrefu wa mdomo mrefu pia, ndiye aliyeomba viti parokiani. Odette, binti mpole, alishona mavazi yote ya ngoma kwa mapazia ya zamani.

“Zamu yako saa nane, Babu,” Zaituni akasema.

“Za usiku?”

“Za mchana. Jioni kuna kuvrefe, hakuna kutoka, kila mutu awe kwake.”

Nikamwambia mi hadithi mchana sisemi. Nyumbani kwetu hadithi ni ya usiku, bibi yangu alikataza kabisa, na sijawahi kumjaribu.

“Kwani muzee, jua linakula hadithi?” Dezire akauliza.

“Hadithi apana. Linakula msemaji.”

Wakacheka. Nikaona njia rahisi: watundike mablanketi madirishani, giza liingie, nami niseme. Hapo kicheko kikaisha. Zaituni akanivuta pembeni.

“Babu, humu kuna watu wa pande zote mbili. Wengine wamefiwa na ndugu, na wanadhani aliyeua ni ndugu ya huyu wanayekaa naye darasani. Mwangani wanavumiliana. Gizani hawajawahi. Ruhusa tumepewa ya siku moja tu, na mimi ndiye niliyeenda kwa wakubwa kuitolea dhamana. Wakikimbizana hapa, sikukuu imekufa, na mimi chuo nimefukuzwa.”

Nikaona nimeomba ujinga. Nikasema basi, nitasalimu watu nishuke zangu Buyenzi. Lakini Odette alikuwa ametusikia. Familia yake ilichomewa nyumba, Zaituni aliniambia baadaye.

“Tuwaulize wenyewe,” akasema. “Asiyetaka atoke, na asichekwe.”

Saa nane wakaulizwa. Wengine wakatoka, wakasimama uani wakivuta sigara. Waliobaki, Dezire akawaambia, “Anayeogopa giza ashike mkono wa jirani. Mimi sina jirani, mnisamehe.” Mablanketi ya mabwenini yakapanda madirishani, moja baada ya jingine, mpaka nikapoteza mikono yangu mwenyewe.

Nimesimulia misibani na harusini, lakini kimya kama kile sijawahi kukisikia. Watu walikuwa wanapumua kwa kupimia. Nikaanza habari ya Fisi aliyekwenda kuposa, akaambiwa na mshenga asile kitu ukweni. Nilipofika pale Fisi ananusa jikoni, nyuma ya ukumbi kikalia kishindo kikubwa, paa! Mtu mmoja akapiga kelele. Nikasikia viti vinakwaruza, watu wanasimama. Nikajua sasa ndiyo hivyo, mjukuu wangu amekwisha.

Sikuwa na akili yoyote ya kutoa. Nilikuwa bado na sauti ya Fisi mdomoni, nikasema kwa hiyo hiyo: “Samahani mama mkwe, nimekalia sufuria.”

Halafu Dezire, kutoka hukohuko nyuma: “Muzee, ni benchi. Imevunjika na mimi juu yake.” Msichana mmoja akaanza kucheka, wa pili akafuata, kisha ukumbi mzima, kicheko kile cha machozi. Viti vikakwaruza tena, vya kukaa. Mlangoni nikaona pembe ya blanketi inainuka, mwanga kidogo, na wale wa uani wanaingia kwa kuinama. Nikamrudisha Fisi kwenye mlango wa ukweni, nikaanza upya kwa ajili yao.

Mablanketi yaliposhushwa watu walikuwa wanafikicha macho. Nikamtafuta Zaituni. Alikuwa sakafuni ukutani, kichwa kwenye bega la Odette, mdomo wazi, usingizi mzito. Odette akaweka kidole mdomoni, tukapita wote kwa kunyata.

Siku iliyofuata nilirudi Rumonge na magari yaleyale ya mstari. Watu wa hapa huniuliza kama wale vijana walipatana. Sijui. Nilichojifunza ni kidogo tu: kukaa gizani na mtu unayemwogopa, mpaka hadithi iishe, kumbe kunawezekana.

Mke wangu yeye aliuliza moja tu, amesimama, kabla sijavua koti.

“Mutoto umemuachaje?”

“Nimemuacha anakoroma,” nikasema, ndipo naye akakaa chini.