Kucha za Kristina

Wapo hapa Mgeta wanaosema Modesta ana roho ngumu, eti alimfokea mama yake mzazi msibani. Wakisema mbele yangu huwa nawajibu papo hapo. Nyie mlimjua lini? Mimi Joyce nimeuza kabeji na mama yake miaka yote. Huyo binti nimemwona tangu anatokwa kamasi.

Alitaka kuwa mpimaji wa damu na nywele za kesi za polisi. Alisikia redioni akiwa darasa la saba, basi, hakutaka tena kingine. Sekondari mwalimu akamcheka mbele ya wenzake, eti mtoto wa kabeji na maiti wapi na wapi! Akachukua fizikia, kemia na baiolojia, akafaulu, akaenda Dar kusomea kemia chuo kikuu. Halafu akajitolea maabara bila mshahara mpaka viatu vikamwishia miguuni, ndipo akaajiriwa Dodoma kupima vinasaba.

Unadhani alifika huko peke yake? Dada yake Kristina aliacha shule kidato cha pili, akawa anateremsha kabeji mlimani kwa kichwa ili mdogo wake asome. Kisha akaolewa na Raphael, mwanamume mzuri wa sura, mwepesi wa kupiga. Tulijua wote. Tukasema ni mambo ya ndani. Hovyo kabisa sisi!

Krismasi Modesta akija, huanza kusimulia kazi yake. Mwaka mmoja akasema anafundisha polisi kuifunga mikono ya marehemu kwa bahasha za karatasi kabla ya—. Mama yake akamkatiza. "Mwanangu, habari za maiti ziache hukohuko. Hapa tunakula." Modesta akacheka, akaendelea na wali wake.

Masika ya mwaka juzi nilikuwa mjini na mzigo, nikapigiwa simu kwamba Kristina ameteleza na ndoo ya maji, amekufa. Raphael ndiye aliyemkuta. Modesta akaja kutoka Dodoma, tukakutana stendi, tukapanda mlima pamoja. Mama yake alikuwa amempigia, naye Modesta huku analia akamjibu neno moja tu: "Msimzike mpaka nifike." Sasa kwetu ukiambiwa umsubirie mtu wa mbali, unamtengeneza marehemu apendeze. Mama akasubiri hivyo.

Tukafika. Raphael alikuwa mlangoni, shavu na shingo vimechanika michirizi mibichi. "Pole sana, shemeji," akasema. "Miiba hiyo, nilikimbilia msaada porini."

Modesta akampita. Aliingia ndani, akafunua shuka, akatazama shingo ya dada yake. Alama za vidole zilikuwa pale, hata mimi niliziona. Nikamwona anapata nguvu. Nikajua anachotafuta, maana njia nzima alinieleza kazi yake ili asilie: mtu akikabwa humparua anayemkaba, na ngozi yake hubaki chini ya kucha. Akashika mikono ya Kristina.

Ilikuwa safi. Kucha zimekatwa fupi, zimesuguliwa, zimepakwa mafuta.

"Nani kamkata kucha?"

"Mimi," mama yake akasema, na maskini, alikuwa anajivunia. "Zilijaa damu na uchafu, mwanangu. Ningemwachaje umkute vile? Nimezichoma."

"Umemchoma muuaji wake, mama! Alikuwa ndani ya hizo kucha, na wewe umemchoma!"

Msiba mzima ulisikia. Raphael naye alisikia, na naapa nilimwona akishusha pumzi.

Polisi walimchukua. Daktari akasema marehemu amekabwa, lakini na nani? Raphael akashikilia miiba yake, akasema alikuwa shambani. Kesi ikafutwa. Amerudi, ameoa tena, anaishi palepale chini ya nyumba ya mama yake Kristina, na asubuhi humwamkia shikamoo kwa sauti kubwa.

Krismasi iliyopita Modesta alikuja. Akamkuta mama anapalilia karoti, kucha zimekuwa ndefu, nyingine zimepasuka na kuingia udongo. Akaleta wembe na beseni la maji ya moto. Mama akaficha mikono kwenye kanga.

"Hizi sizikati," akasema. "Siku Raphael akinijia, utamkuta humu."