Wakwe zangu Kakese walivyonitaka nirudie kukoroma ili nguruwe wasile mpunga

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sio jirani wala rafiki yangu. Mkicheka sawa, mke wangu alishaanza.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mpanda mjini, na ninakoroma. Mpangaji wa chumba cha pili alihama bila kuaga.

Ukweni kwangu ni Kakese, wakulima wa mpunga. Mpunga ukikaribia kuiva nguruwe pori wanavamia, kwa hiyo lazima mtu alale dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo shambani, awafukuze kwa kupiga madebe.

Miaka michache iliyopita nikaenda kusaidia. Sikupiga debe hata moja. Nililala chali, nikakoroma, na nguruwe hawakusogelea shamba.

Basi nikapata cheo. Kila msimu baba mkwe anapiga simu: mkwe, njoo ulale. Nachinjiwa kuku. Nilijiona mtu kweli kweli.

Halafu presha ikaanza. Asubuhi kichwa kinauma, mchana nasinzia kwenye cherehani mpaka nikajishona kidole. Daktari akaniandikia vidonge, akamuuliza mke wangu huwa nalalaje. Mama Neema akafunguka: anakoroma, ananyamaza kabisa, halafu anashtuka kama mtu aliyekuwa anazama.

Nikatumwa Mwanza kupimwa. Nililazwa na nyaya mwili mzima kama redio iliyofunguliwa na fundi. Majibu: sleep apnea, ila mild. Yaani koo linajiziba usingizini, pumzi inakatika, moyo unahangaika na presha inapanda. Kwangu ni kwa kiwango kidogo.

Mashine ya kusaidia kupumua usingizini sikupewa. Niliambiwa nipunguze kitambi, niache pombe za jioni, nilale ubavu. Nikashona mfuko mgongoni mwa fulana, nikatia mpira wa tenisi ndani. Nikigeuka chali tu, unaniamsha.

Miezi michache nikawa kimya. Kichwa chepesi, presha imeshuka. Nikamwambia daktari basi vidonge niache. Akakataa. Akasema kwa mild kama yangu, hata wao hawana uhakika kwamba kutibu kukoroma peke yake kunaulinda moyo, hivyo vidonge viendelee.

Msimu ukafika, nikaenda Kakese na fulana yangu. Nguruwe wakala robo ya shamba huku mimi nimelala ubavu kama malaika.

Wakuu, kikaitishwa kikao. Kikao kabisa, na mwenyekiti. Shemeji yangu mkubwa, ambaye dunguni hajalala hata siku moja, akasema hospitali zimeniharibu. Azimio: nivue fulana, nilale chali, na jioni niletewe pombe ya kienyeji mpaka mavuno.

Na mimi nikakubali! Huku kwetu kumkatalia baba mkwe ni kazi. Tena nilikuwa nimekitamani kile cheo, nisiwadanganye. Vidonge vilipoisha sikuhangaika kufuata vingine mjini.

Wiki ya pili, asubuhi, nashuka dunguni moyo unadunda hovyo, macho yanaingia giza. Nikakaa kwenye tope. Zahanati nesi akanipima presha, akapima tena, akaacha kunitania.

Mama Neema akafika na bodaboda. Baba yake akaanza kumweleza hasara ya mpunga. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Baba, mpunga ukiliwa tutalima tena mwakani. Huyu akiisha, nitamvuna shamba gani?"

Nikarudishwa mjini siku hiyo hiyo.

Sasa hivi presha imetulia, kwa vidonge na fulana yangu. Nilichojifunza: ukiambiwa mild usisikie kama umeambiwa mzima, na kukoroma kukiisha usijipe udaktari ukatupa vidonge.

Ila kinachoniuma ni kile kikao. Tuliongea kutwa nzima, na hakuna aliyeuliza moyo wangu unaendeleaje. Hata mimi mwenyewe sikuuliza.

Wataalamu mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Na nyie wenye wakwe semeni ukweli: mngekataa?