Juu ni Bara

Macho yangu yalipozima, kilichoniuma zaidi ni kushikwa mkono. Dada yangu mkubwa alikuwa amehamia hapa Gongoni, yuko kitandani na mguu uliovunjika, nami kila nikitaka kumwona sharti ningoje mtu apate nafasi ya kunipeleka. Watu wote wa njiani nawajua kwa majina, yao na ya wazee wao, ingawa hapa sitayataja. Lakini upande anaokaa dada ulijengwa nikiwa sioni tena, njia zake sizijui.

Binti yangu, anayefundisha watoto wasioona, akaniletea ubao. Njia kazibandika kwa kamba, barabara ya malori ya chumvi kaitia gundi na mchanga, msikiti ni kifuniko cha chupa. Ukigusa kitu kwa kalamu yake, kalamu inasema, tena kwa sauti ya binti yangu mwenyewe: "Hapa msikitini." Nusura niiitikie. Nikagusa nyumba ya dada. "Kwa mama mkubwa. Ni juu ya msikiti."

Asubuhi nikatoka na fimbo yangu. Msikitini nilifika bila taabu. Kisha nikapanda juu, nikapanda, hadi nikasikia mbuzi anatafuna leso yangu.

"Shikamoo, bibi. Wenda wapi?" akauliza jirani mmoja.

"Marahaba. Naenda kwa dada."

"Ndiye huyu mwenye pembe?"

Mwanangu wa kiume kusikia hayo, akasema basi, peke yangu sitoki tena. Binti yangu akakaa nami mkekani, ubao kati yetu.

"Mama, si nilisema juu?"

"Nami nimekwenda juu. Juu si bara? Chini si pwani? Tangu lini mtu akatelemka bara?"

Akacheka hadi akashika mbavu. "Mimi nasema juu ya ubao!"

"Ubao umelala sakafuni, una juu gani?"

Akafikiri kidogo. "Ukiswali waelekea wapi, mama?"

"Kibla. Hata usingizini naijua."

"Basi juu ya ubao ndiko kibla."

Akaugeuza. Nikapapasa upya: bahari mkono wa kulia, bara mkono wa kushoto. Loo! Kila kitu kikakaa mahali pake. Kalamu nayo akaifundisha maneno mapya: "Kutoka msikitini, elekea kibla."

Kesho yake nikatoka tena. Ukuta wa kibla wa msikiti wetu umetokeza tumbo kwa nje, pale imamu anaposimama ndani. Nikaupapasa, nikaupa mgongo, nikaenda mbele. Nyuma nikasikia ndara za mwanangu zanifuata, nikajitia sisikii.

"Hodi!"

"Karibu! Nani amekuleta?" dada akauliza.

"Nimekuja."

"Peke yako? Basi leo hutanambia mtu wako ana haraka. Keti."

Nikaketi. Tukasengenya hadi adhana ya adhuhuri, na hapana aliyesimama mlangoni kunihimiza.