Siku Niliyolima Peke Yangu

Kabla sijanunua trekta, wanawake wa kijiji chetu karibu na Siakago walikuwa wakija kunilimia, nami nikiwapikia githeri ya mahindi na maharagwe. Msimu huu nililima kwa trekta, nikamaliza asubuhi mapema. Nilizima injini nikabaki kitini. Mume wangu alishafariki, watoto wako mjini. Sikuwa na mtu wa kumwambia kazi imeisha.

Jirani yangu, mmoja wa wale wanawake, alipita na jembe begani.

“Mama, siku hizi hutuhitaji,” akasema.

“Karibu chai!” nikamwita, lakini hakusimama.

Kesho yake nilibeba jembe hadi shambani kwake, ambako yeye na wenzake walikuwa wakilima pamoja.

“Trekta imeharibika?” akauliza.

“Iko sawa. Nimekuja tulime.”

Wakanipisha kwenye mstari, nikaanza kulima kando yao.